Je, Babu Yule Alikuwa Askari wa Hessen?



Mwezi huu tunajibu barua ya dada mmoja aliyeolewa Pennsylvania, Marekani. Wazee wa ukoo wa mume wake husimulia kwamba babu yao wa kwanza katika nchi ile alikuwa askari wa Kijerumani, aliyeletwa kupigana upande wa Mwingereza na asirudi tena kwao. Baba mkwe hapendi habari hiyo itajwe. Husema kwamba babu aliyekodishwa kuua watu si wa kujivunia. Lakini watoto wanauliza, na mzee mwenyewe sasa ni mgonjwa. Dada anataka kujua: aichimbue habari hiyo, au aiache ilale?

Sisi tunasema aitafute, tena kwa upole. Kwanza aelewe hao askari walikuwa akina nani.

Makoloni ya Marekani yalipoasi, Uingereza haikuwa na askari wa kutosha. Ikafanya mikataba na watawala wadogo wa Ujerumani, na kati ya mwaka 1776 na 1783 askari wapatao 30,000 wa Kijerumani walivushwa bahari. Zaidi ya nusu yao walitoka Hessen-Kassel, kwa mtawala Friedrich wa Pili, ndiyo maana wote waliitwa Wahessen hata kama walitoka Braunschweig, Waldeck au Ansbach. Mkataba ulikuwa wa wakubwa, na malipo ya mkataba yalikwenda kwa mtawala. Wengi wa askari walikuwa vijana wa mashambani ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Baba mkwe akilijua hilo, huenda aibu yake ikapungua.

Maelfu hawakurudi. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani, jambo lisilotushangaza sisi tunaouguza. Wapatao 5,000 wanakadiriwa kubaki Amerika kwa hiari yao. Mwezi Agosti 1776 Bunge la waasi liliahidi ekari 50 za ardhi kwa askari atakayetoroka jeshi la Mwingereza. Tarehe 26 Desemba mwaka huo huo, siku moja baada ya Krismasi, George Washington aliwashambulia kule Trenton na kuwateka kama 900. Mateka wengi walipelekwa Pennsylvania, na baadhi yao wakafanya kazi mashambani kwa watu waliosema Kijerumani kama wao. Mwaka 1782 mateka waliruhusiwa kujikomboa kwa dola 80, au kulipiwa na mwenyeji na kumtumikia hadi miaka mitatu. Hapo si ajabu kijana akioa binti wa jirani na kusahau njia ya kwao.

Sasa, dada, fanya hivi.

Anza na mzee leo, wala usingoje apate nafuu. Tumeona wodini mara nyingi: mgonjwa husimulia jioni mambo ambayo watoto wake hawajapata kuyasikia, na kesho kitanda ni kitupu. Usimwulize kama babu alikuwa mamluki. Mwulize majina, makaburi, Biblia ya familia iko kwa nani, na bibi yake alipika nini. Andika yote.

Kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, kutoka kwa watoto wako kwenda juu. Usiruke kutoka kwa mume wako hadi vitani. Tumia vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ya Kilutheri na ya Reformed, hati za usia, orodha za kodi, na sensa ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1790. Kumbuka majina yaligeuzwa: Schmidt akawa Smith, Müller akawa Miller, Zimmermann akawa Carpenter.

Hapa kuna mtego. Wajerumani wengi waliingia Pennsylvania kwa amani miaka mingi kabla ya vita, na orodha za meli zao zilizofika Philadelphia zinaanza mwaka 1727. Ukimkuta babu analipa kodi ya shamba mwaka 1772, basi hakuletwa na jeshi lile. Jina la Kijerumani peke yake si ushahidi.

Akionekana kwa mara ya kwanza baada ya 1776, tazama orodha za askari ziitwazo HETRINA, zilizotayarishwa Marburg, Ujerumani. Sasa zinapatikana hata kwa intaneti. Zinaonyesha jina, umri, kijiji alikotoka, kikosi, na kama alitekwa, alitoroka au alikufa. Wa Braunschweig hawamo humo. Ukipata kijiji, kitabu cha ubatizo cha kanisa la pale ndicho kitakachothibitisha. Vipimo vya damu ya ukoo navyo vyaweza kuonyesha ndugu wa mbali, lakini haviwezi kukuambia babu alivaa sare gani.

Jiandae pia kwa jambo la kuumiza. Baadhi ya askari waliacha wake nyumbani. Huenda ukamkuta babu ameoa Pennsylvania huku mke wa kwanza yu hai Hessen, akilea peke yake. Ukikuta hivyo, usimfiche yule mama. Naye ni sehemu ya ukweli, na watoto wake ni damu moja na wako.

Wanawake wengine walisafiri na jeshi, wakifua na kuuguza. Anayejulikana zaidi ni Friederike Riedesel, mke wa jenerali wa Braunschweig, aliyemfuata mumewe mwaka 1777 na mabinti watatu wadogo. Kule Saratoga alijificha nao ndani ya chumba cha chini ya nyumba pamoja na majeruhi, mizinga ikilia juu yao. Baadaye alizaa binti akamwita Amerika, na mwingine akamwita Canada, ambaye alifariki angali mchanga. Kumbukumbu alizoandika zinasomwa hadi leo.

Ukimaliza, usimpelekee baba mkwe hukumu. Mpelekee jina la kijiji na la mama aliyemzaa yule kijana. Mzee akifa akijua babu yake alikuwa mwana wa mtu, atakuwa amepata faraja. Na watoto wako wapewe pia majina ya upande wako, dada, hadi pale kumbukumbu ya bibi zako inapofikia. Huku kwetu ukoo umeandikwa vichwani mwa wazee, na hao nao hawangoji.