Mkono Mdogo na Ukuta Mweupe



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Butembo alinisimamisha njiani nilipokuwa nikitoka sokoni. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa ameokota kaa jikoni na kuchora mistari mirefu ukutani, toka mlangoni hata dirishani. Nyumba ile si yao. Jamaa hii ni mojawapo ya zile nyingi zilizokimbia vijiji vya upande wa Beni kwa sababu ya mauaji yaliyoanza mwaka 2014, na sasa wamepanga vyumba viwili. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kupaka ukuta chokaa. Kwa hofu na aibu, mama alimchapa mtoto mikononi.

“Tangu siku ile, Mwalimu,” aliniambia, “mtoto hashiki kitu tena. Nikimpa hata kijiti hunitazama usoni kwanza. Je, nilikosa?”

Nilimjibu kwamba kuulinda ukuta wa watu si kosa. Lakini ule mkono nao ulikuwa kazini, na kazi yenyewe ni kubwa kuliko tudhanivyo. Mtoto huanza kukwaruza mistari akiwa amepita kidogo mwaka mmoja. Hushika kalamu kwa ngumi, na bega lake lote hutembea pamoja na mkono. Yapata miaka miwili huweza kuiga mstari ulionyoka. Yapata mitatu, duara. Na alama ya msalaba huja baadaye, yapata minne. Herufi zote tunazofundisha shuleni zimejengwa kwa mistari hiyo na maduara hayo. Mtoto aliyezuiwa kuchora nyumbani huja darasani na vidole vigumu, na pengine na woga pia. Nimewaona wa namna hiyo: humpa mwalimu chaki irudi mkononi mwake, wakisema hawajui.

Hata hivyo sitawalaumu akina mama. Mji wetu una mavumbi mekundu wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Maji huchotwa, hubebwa kwa bidoni, na sabuni hununuliwa. Nguo iliyotiwa wino yaweza kumaliza maji ya nyumba nzima. Basi tutafute vifaa vinavyouacha mkono wa mtoto huru bila kumwongezea mama kazi. Kabla ya kununua au kuokota kifaa cho chote, jiulizeni maneno matatu. Kwanza: mtoto akikitia kinywani, kitamdhuru? Maana atakitia, hilo msilionee shaka. Pili: kinatoka kwa maji matupu? Tatu: kinaandika bila kukandamizwa kwa nguvu?

Kifaa kinachojibu vema maneno yote matatu hakiuzwi dukani. Ni maji. Mpeni mtoto kikombe kifupi chenye maji kidogo, na unyoya wa kuku uliooshwa vizuri kwa sabuni, au kijiti laini kilichopondwa ncha mpaka kikawa kama burashi. Mketisheni mbele ya ngazi ya saruji au ya tofali lisilopakwa rangi. Atachora, na mstari utaonekana mweusi. Kisha utakauka na mahali patakuwa tayari kuchorwa tena. Siku za baridi na ukungu hukauka polepole, nanyi mnaijua hali ya milima yetu; siku hizo tumieni kibao cheusi na kitambaa. Jambo moja tu: mkae karibu, wala msimwache mtoto mdogo peke yake penye ndoo iliyojaa maji.

Cha pili ni chaki na kile kibao cheusi cha mkononi. Chaki hutoka upesi, lakini huleta vumbi. Dawa yake ni nyepesi: chovyeni ncha ya chaki katika maji kabla ya kuandika. Mstari utang'aa zaidi, na vumbi litapungua sana. Chagueni chaki nene na nzima; vipande vidogo vyaweza kumkwama mtoto kooni.

Cha tatu ni kalamu za nta za rangi. Hizo hazimwagiki wala hazitii doa mikononi, na zile nene zafaa ngumi ya mtoto. Lakini zikichorwa ukutani hazitoki kwa maji, kwa kuwa nta na maji havipatani. Basi zitumiwe juu ya karatasi iliyowekwa chini, na zihesabiwe zinapotolewa na zinaporudishwa.

Cha nne ni kalamu za wino wa rangi. Hapa macho yawe wazi. Katika pakiti nyingi zifikazo madukani kwetu huandikwa kwa Kifaransa. Mkiona neno “lavable”, maana yake wino hufulika. Mkiona “permanent” au “indélébile”, hiyo si kalamu ya mtoto. Tazameni tena kama pana duara jekundu lenye sura ya mtoto na tarakimu 0-3, lililokatwa kwa mstari: alama hiyo yaonya kwamba kitu hicho hakimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kofia za kalamu nazo ni hatari. Nyingi hutobolewa tundu juu, ili ikimkwama mtoto kooni hewa ipite kidogo. Lakini tundu halitoshi kuwa mlinzi: mzazi na azishike kofia zote mkononi mwake.

Pengine mtakutana na ubao wa sumaku, uliobuniwa Ujapani mwaka 1974. Ndani yake mna unga wa chuma katika majimaji mazito. Kalamu yenye sumaku huuvuta juu, na mstari huonekana. Ukivuta kijiti cha pembeni, mchoro hufutika. Hauchafui kitu. Lakini ukipasuka, au sumaku ikilegea, uondoeni mara moja. Sumaku mbili zikimezwa hushikana tumboni na kuweza kuyatoboa matumbo.

Wahenga walinena: Mtoto akililia wembe, mpe. Katika jambo hili siwafuati. Kuna vitu vya kukataa hata akilia hata usiku. Cha kwanza ni ile fimbo nyeusi itokayo katika betri kuukuu za tochi, pamoja na unga wake. Walimu wengi twajua kwamba huandika na kupaka ubao weusi. Lakini unga huo una manganizi, nao umechanganywa na chumvi kali ziumizazo ngozi na macho. Haufai kugusa mkono unaokwenda kinywani. Cha pili ni kalamu ya risasi iliyochongwa kali. Jina lake hudanganya, maana ndani hamna risasi: mna grafiti iliyochanganywa na udongo, kwa njia aliyoibuni Mfaransa Conté mwaka 1795. Hatari iko katika ncha yake, mtoto anapokimbia nayo akaanguka, na katika rangi ya nje anapoitafuna.

Baada ya kifaa kuna utaratibu, nao hauna gharama. Chagueni mahali pamoja: mkeka, kona, au ngazi ya mlango. Kifaa kikaliwe hapo, na kikitoka hapo kirudishwe. Ile ndoo yenye bomba tuliyozoea kuiweka mlangoni wakati wa Ebola, toka 2018 hata 2020, isitupwe: mtoto anawe kabla na baada. Akitoka nje ya mahali pake, msimpige, mshikeni mkono mumrudishe, mkisema, “Hapa ndipo tunapochora.” Atasahau mara nyingi. Nanyi mtasema tena.

Yule mama nilimwambia haya machache: maji, unyoya, ngazi ya mlango. Nikamwongezea neno moja, kwamba aanze yeye. Majuzi nilimkuta tena akanisimulia. Siku ya kwanza alichora yeye peke yake, mtoto akisimama nyuma ya mlango. Siku ya pili mtoto alikaribia, akatazama mistari ikikauka, akauliza imekwenda wapi. Siku ya tatu aliunyakua unyoya. Akachora ngazi yote toka juu hata chini, akajilowanisha magoti, na mwenye nyumba akapita akacheka. Ukuta ungali na alama ya makaa, asema. Baba amekubali kununua chokaa mwisho wa mwezi.

Basi, wazazi, jioni ya leo kabla ya kupika, toeni kikombe cha maji mlangoni, mkae pamoja na mtoto kwa muda kidogo. Mstari wa kwanza uwe wenu.

Mwalimu wenu