Wafanyakazi Wasiougua



Iko michezo ya kompyuta ambayo mchezaji ndiye serikali, ndiye mwenye mji na ndiye mwenye viwanda. Mmoja unaitwa Civilization. Katika toleo lake la tatu, lililotoka mwaka 2001, mji ukizidisha viwanda, doa la uchafu linatokea kwenye ramani, na ardhi iliyochafuliwa haizai tena kama zamani. Basi mchezaji anawatuma wafanyakazi. Wanasafisha, doa linaondoka, viwanda vinaendelea. Wafanyakazi hao hawakohoi, hawaombi glavu, wala hawana watoto wanaokunywa maji ya mtoni.

Hatuulaumu mchezo. Angalau unakiri kwamba uchafu ni sehemu ya hesabu ya kiwanda, jambo ambalo waajiri wengi hawataki kulisikia. Tunalopinga ni kuona viwanda vya kweli vikiendeshwa kana kwamba sisi pia ni vidoa vya kwenye ramani.

Hapa Bujumbura maji yote yanateremka upande mmoja. Mto Ntahangwa unapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo hilo Regideso inachota maji ya mabomba yetu, na humo humo wavuvi wanatoa ndagala na mukeke tunaokula. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Wataalamu wanasema maji yake yanahitaji mamia ya miaka kubadilika. Doa la ziwani haliondoki kwa kutuma kikosi cha watu wenye majembe.

Yako mabwawa ya kusafisha maji machafu kule Buterere, na ni kazi njema, lakini mabomba yake hayafiki kila mahali. Tena mabwawa hayo hayawezi kupokea lolote tu. Kiwanda cha bia huosha chupa kwa soda kali, cha sabuni hupikia mafuta kwa soda hiyo hiyo, na cha nguo kina rangi zake. Maji hayo yanapaswa kupunguzwa ukali ndani ya kiwanda chenyewe, kabla hayajatoka getini.

Na nani anayajua maji hayo kabla ya mkaguzi kufika? Sisi. Soda inaunguza mikono yetu kwanza, ndipo inapoingia mferejini. Aliye zamu ya usiku anajua ni saa ngapi koki inafunguliwa. Kwa hiyo usafi wa maji si jambo la wageni wa semina peke yao. Ni jambo la kazi, sawa na mshahara na saa za ziada.

Wenzetu wa mashambani wanalijua hili pia. Maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni yanachacha, yanakula hewa iliyomo majini, samaki wanakufa, na walio chini ya mto wanakosa maji ya kuteka. Mara nyingi walio chini ya mto ni jamaa zetu wenyewe.

Tukisema haya tunajibiwa: mkidai sana, kiwanda kitafungwa. Tishio hilo si dogo kwa mtu mwenye watoto sita, na hatumcheki anayeliogopa. Lakini tuangalie yaliyopita. COTEBU, kiwanda kikubwa cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, kilisimama katika miaka ya 2000 na mamia ya watu wakabaki bila kazi. Hatujamsikia mtu hata mmoja aliyesema kiliangushwa na gharama ya kusafisha maji.

Sheria hazikosekani. Burundi ina kanuni ya mazingira tangu mwaka 2000, na mwaka 2003 nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda. Ofisi ya mamlaka ya ziwa iko hapa hapa mjini kwetu.

Tunachotaka ni hiki: wajumbe wetu katika baraza la kampuni waonyeshwe matokeo ya kupimwa kwa maji yanayotoka kiwandani, kila mara yanapopimwa, na mfanyakazi anayetoa habari ya koki iliyofunguliwa usiku asifukuzwe. Kila tawi la sendika liweke madai haya mawili kwenye karatasi yake ya mazungumzo yajayo, chini ya mshahara ikibidi, lakini kwenye karatasi hiyo hiyo.