Mnara mmoja, wateja wengi

Haba na haba hujaza kibaba. Wachuuzi wa Nyabugogo na Kimironko wanaielewa methali hii kuliko wataalamu wengi: faida ya nyanya haitoki kwa tajiri mmoja anayenunua tenga zima, bali kwa akina mama mia wanaonunua fungu moja moja. Biashara ya intaneti ya simu nayo ndivyo ilivyo.

Mnara uliosimama juu ya kilima cha Kigali una gharama ileile, uwe unahudumia watu kumi au elfu moja. Mitambo hununuliwa kwa dola, mteja hulipa kwa faranga. Umeme lazima uwepo usiku na mchana. Isitoshe, katika mji wa vilima mnara mmoja hauoni bonde la pili. Mtaji hurudi tu wateja wakiwa wengi.

Mwaka 2013 serikali yetu iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini. Ikazaliwa KTRN, iliyopewa haki ya peke yake ya kujenga mtandao wa 4G na kuuuza kwa jumla kwa makampuni ya simu. Huduma ilianza Kigali Novemba 2014, na kufikia 2018 mtandao ulifika wanakoishi zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Hilo ni la kupongezwa.

Lakini kufikiwa na mtandao si kuutumia. Simu za 4G zilikuwa ghali, na miaka ya mwanzo mtandao ule haukubeba sauti. Makampuni ya simu nayo yalikuwa na 3G yao. Nani atanadi bidhaa ya jirani akiwa na yake dukani?

Sera mpya ya 2022 ilifungua mlango, na mwaka 2023 MTN na Airtel zikaanza kutoa 4G kwa mitambo yao. Ni uamuzi sahihi. Hata hivyo, tangu Airtel iichukue Tigo mwaka 2018, washindani wakubwa wamebaki wawili, na wawili huweza kuzoeana. RURA isilale.

Mambo mawili yatiliwe mkazo. Kwanza, mwenye kibanda auziwe simu ya intaneti kwa malipo ya kidogo kidogo. Pili, mpaka. Makubaliano ya 2014 kati ya Rwanda, Kenya na Uganda yalilenga kwanza kupunguza gharama za kupiga simu. Lakini wengi wetu tuliorejea kutoka Uganda, Tanzania au Kongo tuna ndugu na wateja huko, na biashara ya leo inahitaji picha ya mzigo na bei ya sokoni, si sauti tu. Mfanyabiashara akivuka kutoka Rubavu kwenda Goma na kubadili laini, fedha yake imevuka naye.

Anayepandisha bei ili arudishe mtaji haraka atabaki na mnara wake peke yake.