Daftari la Mkulima Lisife Pamoja na Kompyuta

Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, juu ya mji wa Moshi, mahali ambapo lami imekwisha na migomba imeifunga njia kwa pande zote mbili, tulionyeshwa kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha mezani. Radi ilikuwa imepiga wakati wa masika. Katibu wa chama alifungua droo akatoa diski ya akiba, kitu kidogo cheusi kinachotosha kiganjani. Hiyo nayo ilikuwa imekufa, kwa kuwa usiku na mchana ilikuwa imechomekwa katika kompyuta ile ile, juu ya meza ile ile.

Zilizokuwa ndani yake ni hesabu za msimu mzima: uzito wa kahawa ya kila mwanachama, malipo ya awali, makato ya pembejeo. Kilichookoa sehemu ya hesabu hizo ni karatasi. Wakulima waliitwa walete stakabadhi zao, na mama mmoja alileta zake zikiwa zimefungwa katika pindo la khanga. Waliokuwa wamezipoteza waliambiwa wasubiri, na siku tulipoondoka walikuwa wangali wakisubiri.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu hakiwahusu watu wa mlimani peke yao. Vyama vya ushirika vya Kilimanjaro ni vya siku nyingi. Chama cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha KNCU. Kwa miaka mingi hesabu za namna hiyo ziliandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni. Nakala moja ilibaki katika daftari la chama na ya pili ilikwenda nyumbani na mkulima, maili mbili au tatu kutoka ofisini. Ofisi ikiungua, mkulima anayo. Nyumba ya mkulima ikiungua, ofisi inayo. Hakuna aliyekuwa akiuita utaratibu huo kwa jina la kitaalamu, lakini ndio utaratibu ambao leo wataalamu wa kompyuta wanahimiza na ofisi nyingi hazitaki kuufuata. Tumenunua mashine, tukaitupa kaboni, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Nchi hii iliwahi kuiogopa kompyuta. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku. Marufuku hayo yaliondoka, na hakuna mwenye akili atakayeyalilia. Hata hivyo twaona kwamba hofu imeondoka yote kwa pamoja, ile isiyo na maana na ile ya haki.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaweza kuuliza: radi ya Moshi yatuhusu nini? Tunaamini wao ndio wa kwanza kulielewa jambo hili. Umeme wa Unguja ulitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliowekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi kwa miezi mitatu. Mtu aliyechota maji kisimani kwa ndoo katika miezi ile, au aliyemwona mwenye duka akitupa samaki waliooza, hahitaji kuelezwa hatari ya kutegemea kitu kimoja kisicho na cha pili. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka na kuchukua roho za watu, ilidhihirika tena kwamba hata kuta nene za mawe si dhamana ya vilivyomo ndani.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe, maana kulaumu ni rahisi. Mtandao wa mawasiliano upo. Mkongo wa Taifa unaunganisha mikoa, na mwaka 2022 huduma ya intaneti ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kisha katika Kilele cha Uhuru. Ikiwa mtalii anaweza kupeleka picha yake Ulaya akiwa juu ya barafu, karani aliye chini ya mlima hana sababu ya kushindwa kupeleka nakala ya daftari lake nje ya jengo analofanyia kazi.

Lakini yapasa kazi hiyo ifanywe kwa hesabu, si kwa hotuba. Tuchukue ofisi yenye gigabaiti 500 za kumbukumbu. Ndani ya jengo, kwa waya wa megabiti 1,000 kwa sekunde, diski hiyo yaweza kunakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine kwa muda wa saa moja na dakika chache, mambo yakienda sawa. Ofisi hiyo hiyo ikitaka kuipeleka nakala Dar es Salaam kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, itahitaji saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu bila kukatika. Basi liondokalo Moshi alfajiri likiwa na diski mkobani litafika kabla ya usiku kuingia. Hatusemi hivyo kwa mzaha: nakala ya kwanza ni vema ibebwe kwa mkono, na baada ya hapo mtandao upeleke kila usiku yale tu yaliyobadilika mchana. Programu za kufanya hivyo zipo, tena bila malipo. Mojawapo ni rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ambayo hulinganisha nakala mbili zilizo mbali na kusafirisha vipande vinavyotofautiana tu. Nyingine, Clonezilla, iliyotoka Taiwan, hunakili diski nzima pamoja na mfumo wake na yaweza kuziandika upya kompyuta nyingi kwa mara moja kupitia mtandao. Shule yenye chumba cha kompyuta 30 ingeokoa siku nyingi za kazi kwa kuitumia.

Kinachosahauliwa na wakubwa wengi ni upande wa pili, yaani kurejesha. Kupeleka yaliyobadilika kila usiku ni mzigo mwepesi, lakini siku ya msiba hurudi mzigo wote kwa pamoja, na zile saa 111 huwa zinakungoja. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa kanda nzima ya kaskazini. Hospitali kubwa ya namna hiyo, hapa au popote duniani, haiwezi kuwaambia wagonjwa warudi baada ya siku nne. Kwa hiyo kila mkuu wa ofisi hana budi kuuliza maswali mawili: nakala iko wapi, na itachukua saa ngapi kuirudisha? Jibu la swali la pili halipatikani kwa kukisia. Hupatikana kwa kuchukua kompyuta nyingine iliyo tupu, kuirejeshea nakala, na kuangalia kama daftari linafunguka na hesabu zinalingana.

Wala tusidhani kwamba uzembe huu ni wa maskini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha kumbukumbu za Serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Korea ni taifa linalouza kompyuta ulimwenguni kote. Hata hivyo ghala moja la mafaili ya watumishi wa umma, lenye terabaiti 858, liliteketea bila ya kuwa na nakala nje ya kituo. Sababu iliyotolewa ni kwamba ghala lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Tunaikumbusha habari hiyo kwa maofisa wetu wanaodhani kwamba wakishakusanya kila kitu katika jengo moja lenye walinzi na viyoyozi, kazi imekwisha. Hata barafu ya Kilimanjaro imewekewa akiba mbali: mwaka 2000 wanasayansi wakiongozwa na Lonnie Thompson walichimba mihimili sita ya barafu kileleni, nayo ikapelekwa kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, wakati barafu yenyewe mlimani yaendelea kupungua.

Upo pia wizi wa aina mpya. Mwezi Mei 2017 programu haramu iitwayo WannaCry ilizifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na wenye kuieneza wakadai fedha ili wazifungue. Uharibifu wa namna hiyo hupita katika mtandao ule ule unaopitisha nakala. Kwa hiyo mbali na nakala iliyoko mtandaoni, lazima iwepo moja iliyochomolewa na kufungiwa kabatini, katika jengo lingine.

Pendekezo letu ni hili. Ofisi za Moshi na ofisi za Unguja na Pemba ziwekeane amana: nakala ya Moshi ilale Visiwani, na ya Visiwani ilale Moshi. Radi ya mlimani haiwezi kuvuka bahari, wala chumvi ya bahari haiwezi kupanda mlimani. Kwa kuwa yamo majina, maradhi na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka yalindwe, nakala zifungwe kwa msimbo kabla ya kusafiri, na ufunguo usihifadhiwe ndani ya mashine inayonakiliwa. Jina la mwenye dhamana liandikwe. Na wakaguzi wa hesabu, wa Serikali na wa vyama vya ushirika, wasiridhike kuonyeshwa diski. Wadai kuona ikirejeshwa mbele ya macho yao, angalau mara moja kwa mwaka. Tunatambua kwamba fedha ni chache. Lakini diski moja na nauli ya basi si gharama ya kuomba mkopo.

Chama kile tulichokitembelea kimekwisha kununua kompyuta nyingine, na msimu wa kahawa ukianza mezani patakuwa na foleni. Tulimwuliza katibu nakala ya mashine mpya itawekwa wapi. Akaivuta droo ile ile.