Ondoeni Huo Mto Chini ya Goti!

Ukoo mzima umechanga. Kundi la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina kateuliwa, shangazi kauza mbuzi, na mama kawekewa goti bandia. Mamilioni yameteketea. Sasa nendeni mkamwone nyumbani: kalazwa chali, mto mnene chini ya goti, na kila anayeingia anamwambia, "Pumzika, mama, usijitese."

Mnamlemaza kwa mapenzi!

Goti lililopasuliwa halina muda wa kubembelezwa. Ndani ya wiki za mwanzo kovu linajijenga, na goti lisilokunjwa wala kunyooshwa hukakamaa. Mto huo laini unalizoesha kukaa limepinda. Siku ya kusimama, mguu haunyooki. Tena kulala kutwa hukaribisha damu kuganda mguuni, na bonge likipanda mapafuni linaweza kuua. Ndiyo maana hospitali makini humsimamisha mgonjwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake.

Mazoezi ya mwanzo hayataki mashine. Mto uhamie chini ya kisigino, goti likandamizwe kitandani mpaka msuli wa paja ukaze. Kisha kanga ipitishwe unyayoni, kisigino kivutwe taratibu kuelekea makalioni. Inauma? Inauma sana! Basi dawa ya maumivu imezwe kabla, si baada ya kuahirisha. Goti lisilofika nyuzi 90 halikai vizuri hata kwenye kiti, sembuse kupanda daladala. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini kosa si la ndugu peke yao. Hospitali inayopokea mamilioni kisha ikamruhusu mgonjwa na mfuko wa vidonge, karatasi ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiingereza na tarehe ya kurudi kliniki, imefanya nusu ya kazi na kutoza kazi nzima. Mtaalamu wa fiziotherapia si pambo la wodi. Gharama yake iandikwe kwenye makadirio yaleyale ya upasuaji, ukoo uchange ukijua. Na bima inayolipia goti ikagoma kulipia mazoezi inatupa pesa za wanachama wake.

Kamati ya michango isivunjwe mama anapotoka wodini. Ikae miezi mitatu: ilipe fiziotherapia, ilipe bajaji ya kwenda kliniki, iweke mtu wa kumsimamia asubuhi na jioni. Na mgeni atakayethubutu kusema "pumzika", akabidhiwe kanga asaidie kuvuta.