Kodi aliyoiacha marehemu
Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo nchini Tanzania hupewa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Kodi aliyoiacha marehemu nayo ni deni. Hulipwa kabla ya warithi kugawana. Wakili anahitajika tangu hapo, si baada ya ugomvi. Anayepinga makadirio ya kodi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ana siku 30 tu, na hutakiwa kulipa kwanza kodi isiyobishaniwa au theluthi ya iliyokadiriwa, yoyote iliyo kubwa. Inauma kuona mjane akizungushwa na mashemeji huku barua ya makadirio ikikaa kabatini hadi muda unapita. Asiyemudu ada ya wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.