Kalamu ya telefone kwa mkono uliolima



Jambo hili tumeliona mara nyingi kwenye likelemba. Mama aliyeshika jembe miaka mingi anagusa kioo cha telefone, hakiitiki. Anarudia, hakuna. Mwishoni anampa kijana au jirani telefone, na namba ya siri anaitaja kwa sauti. Tangu hapo akiba yake ina watu wawili wanaoifungua. Hapo tusimcheke mama kwamba hajui mambo ya kisasa. Shida iko kwenye ngozi.

Kioo cha telefone hizi hakipimi nguvu ya kidole. Ndani yake kuna umeme mdogo sana. Mwili wetu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikifika karibu, umeme ule unabadilika, na telefone inajua tumegusa wapi. Ngozi kavu yenye sugu inazuia kazi hiyo. Kijiti kitupu nacho hakisaidii, maana mti mkavu haupitishi umeme.

Dawa yake ni kalamu ya mti yenye shaba, na fundi anayechonga miguu ya vitanda na viti kwa mashini ya kuzungusha mti anaweza kuitengeneza. Kwanza tujaribu nyumbani. Chukueni kijiti, fungeni pamba yenye unyevu kidogo kwenye ncha, kisha zungusheni karatasi ya alumini toka kwenye pamba mpaka pale mkono unaposhika. Kioo kikiitika, mama huyo atafaidika na kalamu.

Kwa fundi pelekeni kipande cha mti mgumu uliokauka vizuri, kama mvule, chenye urefu wa sentimita 15 hivi. Mti mbichi utapasuka baadaye. Fundi wa frigo ana bomba jembamba la shaba. Ombeni kipande cha sentimita 5. Waya wa shaba utoke katika kamba ya umeme ya zamani, uchunwe plastiki yote. Fundi wa telefone mwombeni sponji nyeusi, ile inayofungiwa vipande vya elektroniki ili visiharibiwe na umeme. Sponji ya magodoro haifai, haipitishi umeme.

Kazi inakwenda hivi. Fundi anatoboa tundu la sentimita 4 upande mmoja wa mti, kwa kipimo cha bomba. Anaufunga mti kati ya ncha mbili za mashini, ncha moja ikiingia katika tundu lile, ili bomba likae katikati. Mti unazunguka, patasi inaondoa kidogo kidogo. Hapo mama mwenye kalamu awepo. Mashini isimame, ashike, aseme. Vidole visivyokunja vizuri vinataka unene kama wa mpini wa mwiko wa bugali, na mkono wenye afya unataka wembamba zaidi. Kalamu ya dukani haimpi nafasi hiyo ya kuchagua.

Mti ukiwa bado unazunguka, fundi achonge mfereji mwembamba mahali pa kushikia, apige msasa, kisha apake nta ya nyuki. Baadaye bomba linaingizwa, sentimita moja ibaki nje. Waya unazungushwa ndani ya mfereji, na mwisho wake unafungwa kwa nguvu kwenye bomba. Sponji inasukumwa kwenye mdomo wa bomba, itokeze kidogo, yenye upana wa milimita 6 au zaidi, kwa sababu kioo hakisikii ncha nyembamba sana. Msikubali vernisi juu ya shaba. Vernisi inazuia umeme, na kalamu nzuri itakuwa pambo tu.

Pale umeme unapokatika kila siku, kuna mashini ya zamani ya mguu: kamba inazungushwa kwenye mti, juu imefungwa kwenye tawi linalopinda, chini kwenye ubao wa kukanyaga. Mti unakwenda na kurudi, na patasi inakata tu mti unapokuja upande wa fundi.

Kwa dada zetu wanaotaka kujifunza kazi hii: kitambaa cha kichwa kikazwe, kitenge kisining'inie, glavu zivuliwe, maana mashini ikishika nguo inavuta na mkono. Vaeni miwani. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo fungeni pua na mdomo. Mtoto asiwe mgongoni, wala asicheze karibu.

Kikundi kinaweza kuanza na kalamu moja, ikae ndani ya sanduku pamoja na daftari. Anayetuma au kupokea pesa aishike mwenyewe, aandike namba yake mwenyewe, na wengine wageuze macho. Kalamu haifichi namba. Heshima yetu ndiyo inayoificha. Sponji ikichakaa ibadilishwe, isije ikakwaruza kioo.

Kikundi kitakachotengeneza kalamu kituandikie ni mti gani kilitumia na fundi aliomba bei gani, ili wengine wasiuziwe ghali. Tubaki na amani, mpaka juma lijalo.